Siku Nilipotafuta Kilichojaza Kompyuta ya Redio

Mtu akikuambia anamfahamu yule dada wa Babati aliyekubali uchumba redioni, usimbishie, maana anasema kweli, na huyo dada ni mimi, Fausta, na wala sikukusudia, na tangu siku ile kuna akina mama wauza vitunguu pale sokoni ambao jina langu wamelisahau kabisa, wananiita "Nimekubali", eti "Nimekubali, njoo uchukue fungu hapa!" Mwanzoni nilikuwa nazunguka njia ya nyuma. Siku hizi napita mbele yao nikiwa nimenyoosha shingo, nanunua vitunguu vyangu, naondoka.

Miaka ile mkoa wetu wa Manyara ungali mbichi, mjini Babati kila ukigeuka unakuta mtu anapima kiwanja au anamwaga zege, na sisi tulikuwa na redio ndogo ya jamii: chumba kimoja cha kurushia matangazo, sebule moja ya kupokelea wageni, na kompyuta moja iliyobeba kila kitu, kurekodi vipindi, kupiga matangazo ya biashara, kutunza miziki. Mimi nilikuwa mtangazaji wa asubuhi, na kwa kuwa nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya kompyuta Arusha (wiki chache tu, lakini cheti kilikuwa na muhuri mkubwa), nilijiteua kuwa fundi wa kituo. Hakuna aliyenipinga, kwa sababu wengine wote kompyuta ikigoma walikuwa wanaipigapiga ubavuni kama redio ya mkulima.

Sasa, ile wiki ya mkasa ilianza na jambo zuri. Jumapili, Mwalimu Amani, anayefundisha hisabati sekondari moja kule Nangara, mtu mpole, mrefu, anayeongea taratibu kama anahesabu maneno, aliniambia anataka kutuma washenga nyumbani kwetu. Moyo wangu ulijibu ndiyo kabla hajafunga mdomo. Lakini mimi nikainua kidevu nikamwambia, "Mwalimu, nipe wiki mbili nifikirie." (Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba mwanamke hakubali uchumba kama anayepokea chenji dukani.) Akasema sawa, akaondoka na uso umemshuka kidogo, nami nikarudi nyumbani nikacheza mwenyewe chumbani.

Siku ya Jumatano mambo yakaharibika kazini. Mwenzangu Idi, mtangazaji wa jioni, kijana wa familia ya wafanyabiashara hapo mjini ambao duka lao la vitambaa kila mtu analijua, alikuwa amemwalika mzee mmoja mfugaji, Mzee Gidamis, atoke huko tambarare za Hanang kuja kuzungumzia malisho na magonjwa ya ng'ombe. Mzee akaja na basi, akazungumza vizuri mno, Idi akabonyeza kuhifadhi, kompyuta ikakataa, diski imejaa, mazungumzo yote yakapotea. Ikabidi mzee alale kwa jamaa yake hapo mjini ili arekodiwe upya kesho yake. Mama Elia, meneja wetu, hakupiga kelele, alitutazama tu, na Mama Elia akikutazama bila kusema ni afadhali akuchape.

"Nataka kujua nini kimejaza hii kompyuta," akasema. "Kesho asubuhi, kabla mzee hajakaa kwenye kipaza sauti."

"Mama, hilo halihitaji kesho," nikajibu kwa kujiamini. "Ni miziki ya Idi. Kila siku anakuja na flashi mpya."

"Miziki yangu siyo mingi hivyo," Idi akasema.

"Tutaona."

Alhamisi asubuhi nikafika mapema nimevaa vizuri kama nakwenda kutoa ushahidi mahakamani. Hewani nikaweka tangazo la dawa ya kuogeshea mifugo, lile linalopigwa kutoka kwenye kompyuta, likaisha, nikaweka sidii ya kwaya, ndefu, ili nipate nafasi ya kufanya uchunguzi wangu. Tafadhali angalieni hapa, maana ndipo kosa lilipozaliwa: kwenye mikisa, ile meza ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, nilipandisha kitufe cha sidii, lakini kitufe cha kompyuta sikukishusha. Kilibaki juu. Yaani chochote ambacho kompyuta ingesema kuanzia dakika ile, ingekisema kwa wilaya nzima, kwaya ikiwa nyuma yake.

Mzee Gidamis alikuwa ameshafika, amekaa sebuleni na fimbo katikati ya magoti, akisikiliza kwaya kwenye redio tuliyowawekea wageni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia asiwe na wasiwasi, nusu saa tu nitakuwa nimeshamkamata mwizi wa nafasi. Akaitikia kwa kichwa. Mwizi ni neno analolielewa vizuri mtu wa ng'ombe.

Nikamwita Idi aje asimame nyuma yangu aone mwenyewe. Nilikuwa na programu ndogo niliyopewa kule mafunzoni, inaikagua diski nzima kisha inaichora kama ramani ya viwanja, kila folda na kiwanja chake, folda kubwa inapata kiwanja kikubwa, ndogo inabanwa pembeni. Ikakagua, ikakagua, kompyuta ikiwa inahema kwa shida (diski iliyojaa inakuwa kama mtu aliyekula akavimbiwa, ukimsemesha anachelewa kukujibu), mwishowe ramani ikatokea. Nikatafuta folda ya Idi. Ilikuwa kule pembeni kabisa, kadogo, kama choo cha nje.

"Umeona?" akasema Idi.

"Subiri."

Katikati ya ramani kulikuwa na shamba la mtu mkubwa. Folda moja imekula karibu diski yote, inaitwa "Mpya" tu, na ndani yake mafaili marefu ya sauti yaliyopangana, hayana majina ila tarehe na saa. Mtu mwenye akili angesoma zile tarehe. Mafunzoni tulifundishwa hivyo hivyo: ukikuta faili kubwa usilolijua, tazama limetengenezwa lini na nani alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nimeshaamua.

"Jina umeficha, Idi, lakini ukubwa hufichi."

"Fausta, hiyo siyo yangu. Tazama kwanza ilianza lini."

"Hakuna haja ya kutazama. Tutasikiliza."

"Basi vaa hedifoni."

"Nivae hedifoni ya nini? Nataka na wewe usikie. Nataka hata Mama Elia asikie!"

Nikachagua faili mojawapo la katikati, nikabonyeza.

Kwanza kikaja kimya. Kisha kiti kikalia. Kisha mtu akaanza kuimba puani, wimbo hata haueleweki, unapanda pasipo na mlima.

"Sikia hiyo," nikamwambia Idi. "Hata kuimba hujui."

Idi akanitazama. "Fausta, hiyo ni sauti ya mwanamke."

"Mwalimu Amani," spika ndogo ya mezani ikasema, kwa sauti nzito ya kusomea taarifa ya habari, "baada ya kutafakari kwa kina ombi lako la siku ya Jumapili..."

Nikakumbuka kila kitu kwa mara moja. Jumatatu mchana nilirekodi tangazo la chanjo ya mbuzi, nikaishusha ile programu ya kurekodi hadi chini ya kioo cha kompyuta, isionekane, nikaondoka kwenda kula, na sikuizima. Ilirekodi Jumatatu iliyobaki, Jumanne yote, ikifungua faili jipya kila baada ya saa, mpaka Jumatano diski ilipofurika. Na Jumanne, wakati mahubiri marefu yanaendelea hewani na mimi niko peke yangu studio, kipaza sauti kimefungwa kwa wasikilizaji lakini hakijafungwa kwa kompyuta, nilikuwa nimefanya mazoezi ya namna ya kumjibu Amani.

"Hapana," ile sauti yangu ya Jumanne ikaendelea, "hii imekuwa kama barua ya kuomba kazi. Ngoja. Amani, mpenzi wangu... Mh! Mpenzi mapema."

Nikarukia mausi. Mausi haikuenda. Kompyuta ilikuwa imeganda, kioo kimetulia tuli kama picha ya pasipoti, ila sauti ndiyo haikuganda. Nikazima ile spika ndogo ya mezani kwa mkono wangu mwenyewe, kimya kikaingia chumbani, nikashusha pumzi. Idi alikuwa amekaa sakafuni, ameshika tumbo, machozi yanamtoka.

"Hakuna aliyesikia ila wewe," nikamwambia, "na ukimwambia mtu nitakung'oa meno."

Hapo ndipo nikasikia sauti yangu ikitokea sebuleni.

Nikafungua mlango. Mzee Gidamis alikuwa amegeuza kiti, ameielekea redio ya wageni kwa heshima zote. Mama Elia amesimama mlangoni na kikombe cha chai kimeinama, chai inamwagika, hana habari. Na redio inasema, wazi kabisa, kwa sauti yangu, bila mapambo: "Sawa, Amani. Nimekubali. Nilikubali palepale Jumapili, hizo wiki mbili nilikuwa naringa tu, na sikulala kwa furaha." Kisha ile kwaya, ambayo ilikuwa haijaacha kuimba muda wote huo, ikapanda kwa sauti nne: haleluya, haleluya!

Sijui nilirudije studio. Nilichomoa waya wa kompyuta ukutani kama anayeng'oa gugu, na ningeishia hapo ningekuwa nimeaibika kwa kiasi cha kawaida, mtu anacheka, kesho anasahau. Lakini mimi ni mtangazaji, nina kipaji cha kuongeza maneno. Nikashusha kwaya, nikafungua kipaza sauti, nikasema kwa sauti ya uchangamfu wote, "Ndugu wasikilizaji, mliyoyasikia hivi punde ni sehemu ya mchezo wetu mpya wa redio! Ni igizo tu, jamani, hakuna Amani wala hakuna uchumba, endeleeni kutusikiliza!"

Nikafunga. Nikageuka. Mama Elia ameweka mikono kichwani.

"Fausta mwanangu," akasema taratibu, "unajua kwamba shule zote zinatusikiliza saa hii ya mapumziko?"

Simu ya studio ikaanza. Mama mmoja wa Singe akauliza mchezo unarushwa siku gani ili awahi kumaliza kupalilia. Mwingine akauliza kama huyo Amani ni yule wa hisabati, maana anamfundisha mwanawe. Wa tatu alikuwa mama yangu mzazi, hakuuliza kitu, alisema "Fausta!" akakata.

Nikampigia Amani. Haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa. Kisha ukaingia ujumbe mfupi: "Hongera kwa mchezo. Umeigiza vizuri."

Jamani, nimewahi kuanguka nikiwa na sinia la chakula cha wageni harusini, nimewahi kumtambulisha diwani kwa jina la mpinzani wake, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kusoma ule ujumbe. Nikakaa sebuleni, nikamwonyesha Mama Elia. Akasoma, akanirudishia. Mzee Gidamis, ambaye hakuna aliyemweleza kitu ila alikuwa ameelewa chote, akakohoa.

"Binti," akasema, "ng'ombe wangu wakiingia shamba la mtu, mimi sisemi ni pundamilia. Naenda kwa mwenye shamba."

"Shikamoo tena, mzee," nikasema, nikachukua mkoba.

Idi akashika matangazo. Nikatoka barabarani, bodaboda ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuingia mjini, nikapanda ya kwanza, na yule dereva, baada ya mwendo kidogo, akageuza shingo: "Dada, sauti yako naijua. Si wewe wa ule mchezo? Mimi nimeupenda. Vipi, mwisho wanaoana?" Nikamwambia aangalie mbele.

Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa. Redio ipo dirishani, Idi anasoma salamu kwa sauti inayoonyesha bado anajizuia kucheka. Nilipoingia walimu wote wakanyamaza, wakainamisha vichwa kwenye madaftari kama wanafunzi waliofumwa wakipiga soga. Amani alikuwa kona ya mbali anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Hakuinuka.

"Karibu," akasema. "Umekuja kutafuta waigizaji?"

"Amani, tutoke nje tuzungumze."

"Fausta, mimi sina tena siri ya kuzungumzia nje. Wanafunzi wangu wameniuliza kama mimi ni mtu wa kweli." Hapo nikaona kwamba ule upole wake wote ulikuwa umebeba kitu kizito. "Nimesikia umekubali. Nilisimama, unajua? Nilisimama hapa mbele ya wenzangu, wakanipa mkono. Kisha nikasikia ni igizo, nikakaa. Sasa niambie nimsikilize nani, yule wa kwanza au yule wa pili?"

Njiani nilikuwa nimefanyia mazoezi majibu matatu tofauti, nikayaacha yote. Nikasema tu, "Wa kwanza. Huyo hakujua kwamba anasikilizwa."

Nikaendelea, sasa kwa sauti ambayo hata mpishi wa shule aliisikia (alikuwa amesimama mlangoni na mwiko): "Nakupenda, nimekubali, leta washenga wako. Igizo ni mimi niliyelitunga kwa aibu, na nikirudi kazini nitakwenda kusema hivyo hivyo hewani."

Amani akaweka kalamu chini. Akanitazama, nadhani alikuwa anahesabu tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake kile cha polepole kinachoanzia mabegani, na ofisi nzima ikaripuka kwa makofi, mpaka mwalimu mkuu akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akasema, "Mwalimu Amani, hongera sana, lakini una kipindi kidato cha pili."

Nikarudi kituoni. Kwanza nikaiwasha kompyuta, nikaifungua ile folda, safari hii nikasoma tarehe zote moja baada ya nyingine, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nikavaa hedifoni nikahakikisha hakuna kazi ya mtu ndani, nikafuta. Kompyuta ikapumua. Ile ramani ikabaki uwanja mtupu, unaweza kulima. Mzee Gidamis akaingia, akakaa kwenye kipaza sauti, akazungumza vizuri kuliko hata mara ya kwanza, na Idi alipobonyeza kuhifadhi, ikahifadhi.

Kisha nikasimama mbele ya Mama Elia nikamwomba Idi radhi. Nikamwambia nilimhukumu bila kufungua faili, na folda yake ndiyo ilikuwa safi kuliko za wote.

"Nimekusamehe," Idi akasema. "Ila lile faili la katikati ungeniachia. Ningelipiga siku ya harusi."

Na hewani nikaenda. Nikafungua kipaza sauti nikasema, ndugu wasikilizaji, ule haukuwa mchezo, ni mimi Fausta, Amani yupo, uchumba upo, samahanini kwa kuwadanganya. Simu zilizoingia siku ile hatujawahi kuzipata tena, hata mwaka wa uchaguzi.

Mnadhani yaliishia hapo? Baba yangu hakuniongelesha kwa siku kadhaa. Hakukasirika kwamba nimempenda mtu. Alikasirika kwa sababu kwetu familia ya binti lazima isitesite kwanza, iulize ukoo, ijifanye haijasikia vizuri, iwaweke wageni kwenye kiti kigumu, na hapo ndipo heshima ya binti inapopandia. "Mlango umeufungua na komeo umewapa," akanilalamikia. "Sasa mimi nitasimama wapi?" Na kweli, washenga walipokuja walikaa wakiwa wanatabasamu, na mkubwa wao akaanza hivi: "Mzee, sisi hatukuja kuuliza kama binti amekubali. Hilo tulilisikia tukiwa tunakamua." Baba akaangalia dari. Baba mdogo akajitahidi, akasema redio huwa zina makosa ya kiufundi, lakini hata mwenyewe hakuweza kuimaliza sentensi bila kucheka. Tulioana kwa amani, mahari ikawa ya kistaarabu, na Baba mpaka leo akisikia jina la kituo chetu anabadilisha stesheni.

Mimi bado ni fundi, tena mzuri, nalisema bila haya. Ukiniita leo nikutafutie kilichojaza kompyuta yako nitakuja na nitakipata. Ila nimeapa, na kiapo changu nakishika: nitaanza na mafaili yangu mwenyewe, nitasoma tarehe kabla ya kumtaja mtu, na jambo la moyoni nitakwenda kumwambia mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla mashine haijanisaidia kulisema.